Gemu imekataliwa waranti, na mwanangu haniangalii usoni

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Napika vitumbua alfajiri na kuvisambaza kwenye migahawa ya Ngamiani. Mume wangu ni kibarua bandarini, siku kazi ipo, siku haipo. Nakuandikia kwa jambo ambalo wengine wataliona la kitoto, lakini limenikosesha usingizi tangu mwezi wa nane.

Mwaka jana kijana wangu wa kwanza alimaliza darasa la saba. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akifaulu vizuri nitamnunulia gemu ya mkononi, ile yenye kioo katikati na vijiti viwili pembeni, maana alikuwa akiionja kwa rafiki yake wa Chumbageni kwa kubembeleza. Akafaulu. Desemba zamu yangu ya upatu ikafika, nikaenda nayo dukani, nikalipa shilingi 780,000. Vitumbua vyangu nauza 200 kimoja, Somo. Nilivihesabu usiku ule: vitumbua 3,900, hapo sijatoa mchele wala mafuta.

Duka lenyewe ni la Ami wa mume wangu. Ndiye aliyeleta posa kwetu, ndiye aliyesimama wakati baba mkwe amefariki. Alinipunguzia 20,000 bila kuombwa, akanipa risiti na kikaratasi cha waranti ya mwaka mmoja chenye muhuri wa duka.

Mwezi wa sita kijiti cha kushoto kikaanza kujiendea. Hakuna aliyekigusa, lakini mtu wa kwenye kioo anatembea mwenyewe mpaka anagonga ukuta. Kijana akanionyesha. Nikampitishia fundi simu mmoja wa barabara ya nane, akaifungua, akapuliza spiriti kidogo, ikakaa sawa siku mbili kisha ikarudia. Kijana alikuwa shule, hakujua. Basi nikaipeleka kwa Ami, naye akaituma Dar es Salaam kwa watu wanaomletea mzigo.

Ilikaa wiki tano. Ikarudi na jibu la mdomo: imeingia maji, stika ya ndani imegeuka nyekundu, waranti haihusiki. Tukitaka itengenezwe, 310,000.

Somo, nilitoka dukani nimefura. Kijana huwa anakwenda kuogelea Raskazone Jumamosi na wenzake, na nilishamkataza mara nyingi asibebe gemu kwenye begi. Sikumuuliza vizuri. Nilimpiga kandambili mbele ya wadogo zake na kumwita mwongo. Aliapa hakuiingiza maji. Akasema, "Mama, wallahi hata siku moja." Nikamwambia mtaalamu wa Dar hawezi kusema uongo. Tangu siku hiyo ananiamkia, anakula, anakwenda shule, basi. Haniangalii usoni. Gemu ipo juu ya kabati kwenye boksi lake, hata kuigusa hataki.

Dada yangu wa Mabawa anasema nisikubali, twende mbele ya sheria, hela ya upatu haiokotwi. Mume wangu hataki kusikia. Anasema, "Yule ni baba yangu. Gemu itapita, yeye atabaki." Nikimjibu, ananyamaza na kutoka kwenda barazani.

Waranti bado ina miezi mitatu. Nimdai Ami haki yangu au nimeze? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mama Vitumbua, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole. Si jambo la kitoto. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kusaga mchele na kupika vitumbua elfu kadhaa ili kutimiza ahadi moja, ahadi hiyo ikifungiwa juu ya kabati, lazima akose usingizi.

Nikurudishie nilivyokuelewa, nawe utaona kama nimepotoka. Gemu imeharibika kijiti ndani ya muda wa waranti. Duka limekataa kwa sababu ya maji. Mwenye duka ni mzee wa ukoo uliokuoa, mumeo anataka yaishe kimya, dada yako anataka yaishe kwa kelele. Na katikati yupo mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na nne aliyehukumiwa na stika.

Tuanze na hiyo stika, maana wote mmeipa kiti cha hakimu. Ni kipande cheupe, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye rangi nyekundu iliyofichwa tabaka la chini. Maji yakikigusa, rangi inachuja na kupanda juu, na hairudi tena ilikotoka. Watengenezaji huibandika ndani ya simu na vifaa kama hivi ili fundi akifungua ajue. Ikiwa nyekundu, inasema jambo moja tu: majimaji yamefika hapa. Haisemi yalifika lini, wala ni mkono wa nani uliyafikisha. Haijui kama yalikuwa maji ya Raskazone au ya ndoo ya jikoni. Na haisemi kabisa kwamba hayo majimaji ndiyo yaliyoharibu kijiti cha kushoto.

Stika hizi zimewahi kufikishwa mahakamani, si kwetu, Marekani. Kampuni ya Apple ilikuwa ikikataa waranti za iPhone na iPod touch kwa kuangalia stika, wateja wakadai kwamba hata unyevu unaweza kuigeuza rangi. Mwaka 2013 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 53 kumaliza kesi hiyo, bila kukiri kosa. Sikwambii kwamba hewa ya Tanga ndiyo iliyogeuza yako. Stika hutengenezwa ivumilie unyevu wa kawaida. Nakwambia tu kwamba watu wazima wenye mawakili wameibishia stika, na hawakuonekana waongo kwa kuibishia. Mwanao naye ameibishia.

Sasa kijiti. Chini ya kile kijiti kuna kijibrashi cha chuma kinachotelezea juu ya utando mwembamba wa kaboni, na gemu inajua umekisukuma wapi kwa kupima umeme unaopita hapo. Ukicheza sana, ule utando unalika, vumbi lake linabaki humo humo, na gemu inaanza kuhisi kidole ambacho hakipo. Ndiyo huko kutembea kwenyewe mpaka ukutani. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwenye gemu za mkononi, na huzipata hata gemu ambazo hazijawahi kuona tone la maji. Maji nayo yanaweza kuharibu kijiti, sibishi, hasa ya chumvi, lakini hayo huacha alama: utaona ukijani kwenye shaba, au weupe wa chumvi kwenye viungo. Kwa hiyo lipo swali ambalo sijaona mtu yeyote akiliuliza katika barua yako. Hiyo stika nyekundu ipo sehemu gani ya gemu, na ina uhusiano gani na kijiti kilicholetwa kutengenezwa?

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, mwanangu, kwa sababu ipo sentensi moja uliyoipitisha mbio. Fundi wa barabara ya nane. Umeandika kwamba aliifungua na kupuliza spiriti, kisha ukaruka hadi kwa Ami, na sikuona mahali uliposema kwamba Ami anajua. Sikulaumu. Nani kati yetu hajapeleka kitu kwa fundi wa karibu kabla ya kukirudisha dukani? Mimi redio yangu ilifunguliwa na mafundi watatu kabla haijafika kwa mwenye waranti, na nilipoulizwa nikasema haijaguswa, nikitazama pembeni. Lakini spiriti ya chupa si spiriti tupu. Ile ya asilimia 70 iliyoandikwa kwenye kibandiko, hiyo 30 iliyobaki ni maji. Ikipulizwa kwenye kijiti ikatiririka hadi ilipo stika, sitashangaa stika ikiona haya. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wala wewe huwezi kuapa kwamba sivyo. Na nadhani, ukiniruhusu, hilo ulilijua kabla ya kuniandikia, ndiyo maana ukaandika kwa haraka kwamba kijana alikuwa shule.

Inawezekana pia kwamba mtoto aliilowesha kweli. Lazima niliseme, nisije nikakutoa kwenye stika moja nikakutumbukiza kwenye nyingine. Watoto wa Raskazone na mabegi yao ya Jumamosi tunawajua. Mtoto anayejua kandambili ipo karibu huapa haraka kuliko anayejua atasikilizwa. Kwa hiyo usiende kwake kutafuta ukweli wa maji. Nenda na ukweli ulio nao wewe. Yapo mambo mawili unayoyajua bila fundi wa Dar: kwamba gemu ilifunguliwa kabla yeye hajajua, na kwamba ulimpiga kabla ya kumuuliza. Ukimwambia hayo mawili, huenda akalia, huenda akakasirika zaidi, maana atajua ulikuwa na la kumtetea nalo ukanyamaza. Hiyo ni hatari yake. Ukisubiri mpaka mambo ya duka yaishe ndipo umwambie, utakuwa na jibu kamili mkononi, lakini wiki nyingine zitapita na yeye anaamka alfajiri katika nyumba ambayo yeye ndiye mwongo. Wewe unamjua. Mimi nimemjua kwa ukurasa mmoja tu.

Turudi dukani. Kuna jambo unaloliona kama limekwisha thibitishwa, nami sina hakika nalo: kwamba Ami amekataa. Nikisoma barua yako, waliokataa ni watu wa Dar, Ami akaleta maneno yao. Gemu nyingi zinazofika kwetu hupitia mikono mingi, Dubai, Kariakoo, kisha Tanga, na waranti ya mtengenezaji mara nyingi haivuki mpaka wa nchi ilikokusudiwa kuuzwa. Ndiyo maana maduka huandika kikaratasi chao wenyewe. Muhuri ulio kwenye karatasi yako ni wa duka la Ami, basi aliyekuahidi ni Ami, si yule wa Dar. Hilo linakupa nguvu. Lakini litazame na upande wake: watu wa Dar wakishakataa, kila shilingi ya matengenezo ya bure inatoka mfukoni mwake. Huenda anajua stika ile ni kisingizio na ameona haya kukwambia kwamba hana ubavu wa kuwabana wanaomletea mzigo. Huenda pia ameamini tu alichoambiwa, kama wewe ulivyoamini.

Kitoe hicho kikaratasi kabatini ukisome chote, na nyuma yake. Je, kimeandika kwamba maji hayahusiki? Kimeandika kwamba ikifunguliwa na fundi mwingine waranti imekufa? Kama halipo lolote kati ya hayo, mazungumzo yako na Ami ni mengine kabisa. Kama lipo la kufunguliwa, nalo lina mjadala wake. Aprili 2018 Tume ya Biashara ya huko Marekani iliyaandikia makampuni sita kuyaonya kwamba kumnyima mteja waranti kwa sababu tu kifaa kimefunguliwa na fundi asiye wa kampuni au kimewekwa vipuri vingine kwa kawaida kunakiuka sheria yao. Sheria yao si yetu, usiende kuitaja dukani ukachekwa. Ila hoja iliyo ndani yake hata mtoto anaielewa: anayekataa aonyeshe kwamba kule kufungua ndiko kulikoharibu.

Unaweza kumwomba Ami vitu ambavyo si kumdai. Maelezo ya maandishi kutoka Dar, hata ya ujumbe wa simu. Picha ya ndani inayoonyesha stika ilipo, na ya kijiti chenyewe. Na mchanganuo wa hiyo 310,000, maana kijiti ni kipuri kidogo, bei hiyo inanuka ubao mzima, yaani ile sahani ya ndani inayobeba umeme wote wa gemu. Kama ni ubao, kwa nini ubao, ilhali kilicholalamikiwa ni kijiti? Mtu mwenye nia njema haogopi maswali haya. Yanamsaidia hata Ami kuwauliza wenzake wa Dar bila kuonekana anawagombeza.

Gumu ni lile la fundi. Ukienda bila kulisema, ukapata unachotaka, utakuwa umemficha mzee aliyekuletea posa, na Ngamiani ni ndogo, mafundi wanajuana. Ukilisema, unaweza kumpa sababu ya kukataa ambayo hakuwa nayo. Sijui mwanamke mwingine angechagua lipi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba maneno hayo, yakisemwa, hayasemwi mbele ya kaunta wateja wakisikiliza. Nyumbani kwake baada ya Isha ni tofauti, na ukiongozana na mumeo ni tofauti zaidi.

Mumeo. "Gemu itapita, yeye atabaki." Ni maneno ya mtu anayependa, tusimdhanie vinginevyo. Ila umewahi kumuuliza anachoogopa hasa? Yeye amesikia neno "kudai". Pengine akisikia neno "kuuliza" atakaa chini. Pengine pia kinachomtoa nje kwenda barazani ni kwamba hana 310,000, na hataki uone. Kibarua ambaye siku kazi haipo hukasirika kwa njia za mzunguko.

Dada yako naye hajapotoka. Njia ya sheria ipo. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mwenye duka auze kitu chenye ubora unaofaa kwa kazi ambayo kimenunuliwa kuifanya, na hilo halitegemei kikaratasi cha waranti. Ipo Tume ya Ushindani iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayopokea malalamiko ya walaji. Ipo Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inasemwa kwa Kiswahili na unaweza kusimama mwenyewe na risiti yako. Na madai ya mkataba yana miaka sita, kwa hiyo hiyo miezi mitatu ya waranti isikukimbize kama kengele ya shule. Lakini mbele ya hakimu utaulizwa kama kifaa kilifunguliwa, na utakuwa umeapa. Siku zote utakazokwenda mahakamani vitumbua havitapikwa. Na ukishinda, siku ya Idi mtakwenda kula kwa nani?

Kuna na njia ya kumeza, uliyoitaja kwa uchungu. Isiwe kumeza kwa aibu. Unaweza kuamua kwa hesabu: kijiti peke yake fundi mzuri hukibadilisha kwa hela ndogo kuliko ubao, na siku hizi vipo vinavyotumia sumaku badala ya kaboni, ambavyo havilikiki vile. Hasara yake ni kwamba hapo waranti umeizika kwa mikono yako. Na kama kweli kuna chumvi ndani, miezi miwili baadaye kitakufa kitu kingine, na utakuwa umelipa mara mbili. Ndiyo maana ile picha ya ndani inakufaa hata kama humdai mtu yeyote.

Umesema kijana hataki hata kuigusa. Hilo nililisoma mara ya pili, nikaona pengine siku ya kwenda kwa Ami angekwenda na nyinyi. Halafu nikawaza, mtoto kukaa mbele ya babu yake akijieleza habari ya maji ni adhabu nyingine. Utampima wewe, baada ya kuwa umeshazungumza naye, kama mtakuwa mmezungumza.

Picha ikija, angalia kwanza stika ipo upande wa kijiti cha kushoto, palipopulizwa spiriti, au upande wa tundu la chaja. Niandikie imekaa wapi.

Somo